Kioo cha Pikipiki Kinapokutikisa Kichwa

Waendesha bodaboda wengi wa Nachingwea hununua kioo cha mbele kwa ajili ya kifua. Mtu amechoka kupigwa na upepo kutoka Nambambo, hapa mjini, hadi Masasi, amechoka na vumbi na wadudu wa jioni, anaamua kufunga kile kioo cha plastiki kwenye usukani. Kifua kinatulia kweli. Lakini haipiti wiki lalamiko jipya linaanza: helmeti inatikisika, masikio yanavuma, shingo inakaza, na akitazama mbele anaona kama barabara inatetemeka. Kijiweni anaambiwa kioo chake ni kifupi, atafute kirefu. Anatafuta kirefu, na mtikisiko unazidi.

Vijana wenye tatizo hili nakutana nao kila mara, na ninachowaambia ni kwamba wasianze kwa kununua. Mara nyingi kioo ulichonacho kinatosha. Kasoro iko pale ukingo wake wa juu unapouelekeza upepo, na kwenye hewa inayokosekana nyuma yake. Yote mawili yanarekebishika kwa spana, msumeno wa chuma na uvumilivu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachokupiga. Upepo ulionyooka, hata ukiwa mkali, mwili huuzoea. Unauegemea, misuli ya shingo inajikaza kwa kiasi kilekile mwanzo wa safari hadi mwisho, na macho yanatulia. Kinachochosha ni upepo ambao umeshavurugwa. Tazama maji ya Mto Mbwemkuru wakati wa mvua yanapofika kwenye jiwe: ubavuni yanapita kwa kasi, na nyuma ya jiwe yanabaki maji yanayozunguka, mara upande huu, mara upande ule. Kioo kinaifanyia hewa vivyo hivyo. Nyuma yake panabaki nafasi yenye mgandamizo mdogo. Hewa iliyoruka juu ya ukingo inavutwa kuja kuijaza, inajikunja, na visulisuli vidogo vinajitenga na ukingo kimoja baada ya kingine. Kichwa chako kiko hapo hapo.

Mambo haya yamechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1878 Vincenc Strouhal alichunguza kwa nini waya huimba ukipitiwa na upepo, akaonyesha kwamba mivumo kwa sekunde inaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, na inapungua kadiri kitu kinavyokuwa kinene. Mwaka 1911 Theodore von Kármán, mzaliwa wa Hungaria, akaanza kueleza kihesabu mpangilio wa vile visulisuli vinavyofuatana nyuma ya kitu kilichokatiza hewa. Ukiichukua kanuni hiyo ukaipeleka kwenye kioo chenye upana wa sentimita 40, katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, unapata mapigo kati ya manane na kumi na moja kila sekunde. Ndiyo maana mtu anasema helmeti "inatetemeka" na hasemi inasukumwa. Ndiyo maana pia akishuka Masasi kichwa kinamuuma ilhali hakuugua.

Halafu kuna suala la kasi, ambalo wengi hulikadiria vibaya. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kioo cha sentimita 40 kwa 50 kinasukumwa na nguvu ya kama kilo moja na nusu ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, hewa ikiwa imetulia. Kwenye 80 inafika kama kilo sita. Na ukiwa kwenye 80 huku upepo wa kilomita 20 kwa saa unakuja usoni, inakaribia kilo kumi, zote zikiegemea vibano viwili au vinne vilivyokaza kwenye usukani unaoushika.

Huo upepo wa usoni tunao. Masasi iko kusini mwa Nachingwea, kama kilomita 45. Ruangwa iko kaskazini, ikiegemea mashariki. Msimu wa kusi, hasa kati ya Mei na Septemba, anayekwenda Masasi anaupokea upepo mbele kushoto, na anayerudi kutoka Ruangwa unampiga ubavu wa kushoto. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Februari, mambo yanageuka: anayekwenda Ruangwa anakutana nao karibu uso kwa uso, na anayerudi kutoka Masasi anaupata mbele kulia. Nazungumzia mwelekeo wa jumla, maana barabara ina kona zake. Lakini inasaidia kujua, kwa sababu kioo kilekile kinaweza kuwa kitulivu wakati wa kwenda na kikawa adhabu wakati wa kurudi, na mtu akadhani bolti zimelegea njiani.

Saa nayo ina neno. Asubuhi na mapema hewa ya huku hutulia. Jua likishaipasha ardhi, kuanzia saa nne au saa tano, upepo unakuja kwa mikupuo, na saa nane mchana ndipo unapokuwa mkorofi zaidi. Kwa hiyo majaribio yote nitakayoyaeleza hapa yafanye asubuhi. Ukipima kioo mchana hutajua kama kilichokutikisa ni ukingo wa kioo au ni kusi yenyewe. Ila kuanzia Juni hadi Septemba kumbuka kwamba asubuhi hiyo hiyo ndipo wakulima wanapopulizia salfa kwenye mikorosho, wakati umande upo na hewa imetulia. Ukipita karibu na shamba linalopuliziwa funga kioo cha helmeti au vaa miwani. Usitegemee kioo cha pikipiki kikulinde, maana ile nafasi ya nyuma yake huvuta vumbi na kulirudisha usoni kutokea chini na ubavuni. Wengi wanaolalamika macho kuwasha wakiwa na kioo kikubwa wanapata vumbi kwa njia hiyo.

Sasa uchunguzi. Mwaka 1950 kiwanda cha Moto Guzzi, huko Mandello del Lario nchini Italia, kilijenga chumba cha kupimia upepo ambamo pikipiki nzima na mpandaji wake waliweza kuwekwa mbele ya feni kubwa. Sisi tuna asubuhi tulivu, kipande cha barabara kilichonyooka chenye magari machache, na uzi. Vinatosha.

Anza kwa kukifungua kioo kabisa na kukiacha nyumbani. Endesha kwenye kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kwenye njia unayoijua. Ikiwa kichwa bado kinatikisika, kioo hakina kosa. Angalia helmeti, nitaifikia baadaye. Ikiwa kichwa kimetulia na upepo unakupiga kifua na uso kwa nguvu moja isiyobadilika, basi kioo ndicho chenye kesi. Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu wameshalipia kioo na hawataki kusikia kwamba bila hicho walikuwa afadhali. Usiiruke.

Kifunge tena, mpakie rafiki nyuma, mwendo uleule. Mwambie anyooshe kiganja taratibu juu ya helmeti yako, kisha akishushe ubavuni mwako hadi usawa wa mabega. Kuna mahali kiganja kitasukumwa tu, na kuna mahali kitapigwapigwa. Akuambie mpaka uko wapi. Kazi hii mwachie yeye. Wewe mikono yako miwili ibaki kwenye usukani.

Baada ya hapo jaribu kwa mwili wako mwenyewe. Jiinue kidogo kwenye vikanyagio, kichwa kipande sentimita kumi hivi. Kisha kaa, uiname kidogo. Ukijiinua na kutulia, maana yake kichwa kimetoka kwenye visulisuli na kuingia kwenye hewa safi, kwa hiyo kioo chako kinapaswa kushuka. Ukiinama na kutulia, una njia mbili: kukishusha hata hivyo, au kukipandisha. Nitasema kwa nini mimi nachagua kukishusha.

Mwisho wa uchunguzi ni nyuzi. Chomoa nyuzi za kiroba kilichochakaa, zile bapa nyepesi, ukate vipande vya urefu wa kidole. Vibandike kwa selotepu kwenye ukingo wa juu wa kioo, kwa upande wa ndani, na vingine viwili vitatu kwenye kipaji cha helmeti na pande zake. Rafiki mwenye pikipiki nyingine aende ubavuni, abiria wake apige video kwa simu. Mkishatulia mtazame. Uzi uliolala kuelekea nyuma uko kwenye upepo ulionyooka. Uzi unaozunguka, au unaosimama ukielekea mbele kana kwamba upepo unatoka nyuma yako, uko ndani ya kisulisuli. Vijana wengi hawaamini hadi waone uzi wa ndani ya kioo ukielekea mbele kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Wakishauona hawahitaji maelezo zaidi kuhusu hewa inayorudi nyuma ya kioo.

Tiba ya kwanza haigharimu chochote nayo ndiyo inayosahaulika zaidi: iachie hewa njia ya chini. Vioo vingi hufungwa vikiwa vimegusana na taa ya mbele au dashibodi, na mtu anajitahidi hasa kuziba ule mwanya ili upepo usipenye. Matokeo yake hewa yote inalazimika kuruka juu na kuzunguka pembeni, na nyuma ya kioo panakuwa patupu zaidi. Inua kioo au kisogeze mbele, ili kati ya ukingo wake wa chini na taa kubaki mwanya wa sentimita tatu hadi tano. Tumia washa nene, au vipande vya bomba la plastiki vilivyokatwa sawasawa, na bolti ndefu kidogo. Hewa inayopenya hapo inaijaza ile nafasi tupu, na ile ya juu haina tena haja ya kujikunja kwa nguvu. Utahisi upepo mwepesi tumboni. Kwa joto la Oktoba hakuna atakayelalamika. Nimeona pikipiki zilizotulia kwa tiba hii peke yake, bila kukata wala kuongeza kitu.

Kama umefungua mwanya na mtikisiko umepungua lakini haujaisha, geukia ulalo. Kioo kilichosimama wima kinaikatiza hewa ghafla na kuvuruga eneo kubwa. Kilichoegemea nyuma kuelekea kwako kinaipandisha hewa taratibu, ila kikilazwa sana kinaielekeza moja kwa moja kwenye helmeti. Chukua ufito ulionyooka wenye urefu wa mita moja. Kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa safarini, na mwenzako aulaze ufito juu ya uso wa mbele wa kioo, ncha yake ikiupita ukingo wa juu na kuja upande wako. Ncha ikielekea paji la uso au sehemu ya juu ya helmeti, umeupata ubaya wenyewe: ukingo wa hewa iliyovurugika unakata hapo hapo kichwani. Iwe chini zaidi, kwenye kifua au mabega, au iwe juu kabisa ya kichwa. Hewa haifuati mstari wa ufito kikamilifu, hupanda kidogo baada ya kuacha ukingo, lakini kwa kuanzia makadirio haya yanakutosha. Legeza vibano, badilisha ulalo kidogo tu, kaza, nenda kajaribu. Usibadilishe mambo mawili kwa mara moja, hutajua lipi limekusaidia.

Kuhusu urefu, mimi msimamo wangu ni kioo kifupi, na nautetea. Kioo kinaweza kufanya kazi vizuri kwa namna mbili. Kikiwa kifupi kinakinga tumbo na kifua, na helmeti inabaki kwenye upepo ulionyooka. Kikiwa kirefu kabisa kinapitisha hewa yote juu ya kichwa. Cha katikati, kinachoishia usawa wa kidevu au pua, ndicho kinachotesa watu, na ndicho kinachopendwa. Kwenye barabara za Ulaya zenye lami safi mtu anaweza kuchagua kirefu na akafurahi. Hapa kirefu kitakulazimisha uitazame barabara kupitia plastiki iliyokwaruzwa na vumbi jekundu. Usiku lori linakuja na taa zake, kila mkwaruzo unawaka, na shimo lililo mbele yako hulioni. Mvua ikinyesha ndiyo basi. Kanuni yangu ni kwamba lami au changarawe iliyo mita kumi mbele yako uione juu ya ukingo wa kioo, usiione kupitia kioo. Kifupi kinatimiza hilo bila shida, tena kinapokea nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo vibano na usukani vinapumua.

Kukata kunaogopesha, lakini ni kazi ya fundi yeyote mwenye subira. Usikate kabla hujajaribu kushusha kioo kizima kwa kuhamisha vibano. Ikishindikana, bandika selotepu ya karatasi upana wote wa sehemu utakayokata, pande zote mbili. Chora mstari kwa kutumia kiolezo cha boksi lililokunjwa katikati, ili upande wa kushoto na wa kulia vilingane. Mstari uwe na mviringo. Kona kali ndiko nyufa zinakoanzia. Kilaze kioo kati ya mbao mbili, kikaze, ukate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole, maana ukiharakisha plastiki inapata moto, inayeyuka na kuung'ang'ania msumeno. Kata sentimita mbili au tatu tu. Piga msasa ukingo, kwanza ule wa kukwaruza kisha ule laini, hadi kidole kipite bila kukwama. Kifunge, nenda kajaribu, rudi ukate tena kama bado. Aliyekata sentimita kumi kwa pupa hana namna ya kuzirudisha.

Ukitoboa matundu mapya, yawe makubwa kuliko bolti kwa milimita moja au mbili, na yasikaribie ukingo kwa chini ya sentimita mbili. Weka vipande vya mpira wa tyubu pande zote mbili, kaza hadi mpira ubonyee kidogo, basi. Plastiki inatanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Bolti iliyokazwa kwa nguvu za hasira itaipasua yenyewe siku usiyotarajia.

Wapo wanaopenda kuongeza kipande kidogo juu ya ukingo, kimeinuliwa ili hewa ipite kati yake na kioo. Kinafanya kazi, kwa kuwa ile hewa ya katikati inautuliza ukingo. Lakini ni kitu cha kujaribu mwishoni, na kwa kioo kilichofungwa imara.

Kuna jambo la usalama ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Kioo kilichofungwa kwenye usukani kinageuka na usukani, na kila upepo unaokipiga unaupata mkononi. Mmarekani Craig Vetter, aliyeuza kinga zake za upepo zilizoitwa Windjammer miaka ya 1970, alizifunga kwenye fremu ya pikipiki, ili upepo usukume pikipiki nzima na kuuacha usukani huru. Vioo vyetu vya bei nafuu vingi si vya namna hiyo. Kwa hiyo ukishafunga kioo chochote, panda mwendo kidogo kidogo na usikilize usukani. Ukianza kucheza wenyewe kushoto na kulia, usiung'ang'anie wala usibane breki ya mbele ghafla. Punguza mafuta taratibu, legeza mikono, acha mwendo ushuke. Kisha kiondoe kioo hicho, na ukague beringi za usukani, upepo wa tairi na shokapu kabla ya kukirudisha. Kioo hufichua ulegevu uliokuwepo tangu awali.

Ninawasihi pia wanaofunga miavuli juu ya pikipiki waiache mjini, au waiache kabisa. Mwavuli ni eneo kubwa lililo juu ya kichwa chako, na mkupuo mmoja wa kusi ukiingia chini yake unainua upande wa mbele wa pikipiki pale unapouhitaji ukanyage chini. Mifuko inayoning'inia kwenye usukani nayo iondoe, kwanza kwa usalama, pili kwa sababu huharibu mtiririko wa hewa pembeni mwa kioo na kufanya vipimo vyako vyote visieleweke.

Helmeti sasa. Iliyo kubwa kuliko kichwa huzidisha kila pigo. Ivae, funga mkanda wa kidevuni hadi vidole viwili tu viweze kupita, kisha ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na ya kipaji ivutike pamoja nayo. Ikizunguka yenyewe na uso ukabaki, hata kioo kizuri namna gani hakitakusaidia, na siku ya ajali haitakukinga inavyotakiwa. Zile zenye pama ndefu mbele hukamata upepo na kukivuta kichwa nyuma. Kama pama inafunguka, ifungue kwa safari ndefu. Sponji iliyochakaa ndani inabadilishwa, fundi wa viti anaweza kukushonea.

Na masikio. Ukishavuka kilomita 65 hivi kwa saa, kelele ya upepo ndani ya helmeti inaishinda ya injini, na inatosha kuharibu usikivu wa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku kwa miaka. Uharibifu huo haurudi nyuma. Vile vizibo vya sponji wanavyovaa wafanyakazi wa viwandani na migodini ni vya bei ndogo, na ukivivaa honi ya gari bado utaisikia. Ningependa kila kijiwe cha Nambambo kiwe navyo, kama kilivyo na pampu ya kujazia tairi. Vijana hawa wana miaka ishirini na kitu. Watahitaji kuwasikia wajukuu wao.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, unaleta mtikisiko mwingine usiohusiana na kioo chako: malori yanayobeba mzigo kutoka maghalani. Lori linavuruga hewa kuliko kioo chochote. Ukiwa nyuma yake kwa umbali mdogo uko ndani ya visulisuli vyake na vumbi lake, na huoni kinachokuja. Kaa mbali hadi kichwa kitulie, hiyo ndiyo alama kwamba umetoka humo. Mkipishana na lori au basi utasukumwa nje kwanza, kisha utavutwa ndani mara tu mkia wake unapopita. Jiandae kwa huo mvuto wa pili, ndio unaowashtukiza watu. Hali kama hiyo hutokea pale shamba la mikorosho linapoishia na barabara kutokea uwandani. Miti ilikukinga, ghafla kinga imekwisha.

Yapo yasiyohitaji fundi wala spana. Kutoka kilomita 80 kushuka hadi 65 kwa saa kunapunguza theluthi nzima ya nguvu ya upepo. Kwa kilomita 45 za Masasi unachelewa kama dakika nane. Kwenye makazi ya watu sheria inakutaka 50 hata hivyo, na kwa mwendo huo kioo chochote kilichofungwa vizuri hakimsumbui mtu.

Utunzaji nitausema kwa ufupi. Vumbi letu lina mchanga. Usilifute kikavu kwa kitambaa hata mara moja. Mwaga maji kwanza, sabuni laini, kitambaa laini, maji tena. Petroli, tina na mafuta ya breki vinaitia plastiki ukungu na nyufa ndogondogo, kwa hiyo usisafishie hivyo hata kama vinaondoa utomvu haraka.

Jaribio la mwisho lifanye na abiria na mzigo, kwa sababu ndivyo unavyofanya kazi. Mtu mzima akikaa nyuma, na begi lake juu ya keria, shokapu za nyuma zinashuka, pua ya pikipiki inainuka, na kioo kinalala nyuma zaidi kuliko ulivyokipima ukiwa peke yako. Wewe nawe unasogezwa mbele, karibu na ukingo. Ufito uliokuwa ukipita juu ya kichwa sasa unaweza kuwa unaelekea kwenye helmeti. Pima upya ukiwa umebeba. Na abiria mwenyewe umuulize, maana kichwa chake kiko juu kidogo na nyuma yako, mahali ambapo hewa iliyovurugwa na kioo na mabega yako inatua. Mama aliyejifunga kanga, ncha zake zikipepea na kumpiga usoni, anakuonyesha hali ya hewa ya nyuma bila kuhitaji uzi wa kiroba. Mwombe azifunge vizuri, kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya cheni na spoki. Akisema bado helmeti inampiga, fungua vibano ukishafika, uongeze mwanya wa chini kwa washa moja kila upande, halafu mrudishe nyumbani kwa mwendo uleule, umuulize tena.